Gari la Maji Hufuata Kisanduku

6 Februari

Mwanangu,

Marahaba, salamu zako zimefika. Hujambo huko? Mgongo wako vipi na huko kupanda mapaa ya watu? Sisi hatujambo, ikiwa mtu anayeamka na kutema mate meusi huhesabiwa hajambo.

Umeniandikia kwa furaha kwamba mji wetu umekuwa wa kwanza kwa hewa safi, na kwamba aliyesema hivyo ni kisanduku cha kupima hewa mlichofunga juu ya ofisi ya baraza la mji. Nimeirudia barua nikitafuta mahali ulipotania. Sikupaona. Hewa ipi, mwanangu? Kiwanda cha kuchoma matairi ili kupata mafuta hakijahama, kiko pale pale nyuma yetu na moshi wake ni ule ule. Nachemsha maziwa, nikigeuka kuchukua kikombe, utando umeshapata masizi. Naanika nyeupe naanua kijivu. Kamasi za mjukuu wangu Kibibi ni nyeusi tii. Nikimpangusa natamani kuitupa leso pamoja na mkono ulioishika. Naona kinyaa hata kulala kwenye mto wangu mwenyewe.

Pumu haimpi binti yako nafasi. Analala ameketi, kichwa begani kwangu, midomo inabadilika rangi nami namtazama tu. Mama yake alipotangulia mbele ya haki uliniachia mtoto huyu nikulelee, si nikuzikie. Kiambie kisanduku chako kije kipumue hapa kwetu.

Mama yako


21 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kuhusu Kibibi umenitia hofu. Dawa ya kuvuta nimeituma kwa basi, iulizie kwa wakala.

Kuhusu kisanduku, nisikilize. Unakumbuka lile tundu la msumari kwenye bati la chumbani, na mwale wa jua unaopita pale, nami nikiwa mdogo nikijaribu kuushika? Vumbi ndilo lililofanya tuuone. Basi kisanduku hiki ni tundu lile lile. Kinavuta hewa, kinaipitisha kwenye mwanga mwembamba, na ndani kuna jicho linalopima mwanga unaorushwa pembeni na vumbi. Hewa chafu, mwanga mwingi. Hewa safi, jicho linaona giza. Mwanga haujui kudanganya, Mama. Haumjui diwani wala mwenye kiwanda.

Usikasirike, lakini huenda ni lile jiko lako la mkaa. Jaribu kulisogeza mbali na mlango.

Mwanao


12 Machi

Mwanangu,

Salamu. Dawa tumeipata. Jiko nimelisogeza hadi kwenye ua wa nyuma, na masizi bado yanaingia kwa mlango wa mbele. Sasa nikueleze niliyoyaona, ukae chini kwanza.

Nilimbeba Kibibi nikaenda hadi ofisi ya baraza kukitazama hicho kisanduku chako kisichojua uongo. Nimekuta barabara imelowa. Kuna gari la maji, boza kubwa, linaizunguka ofisi hiyo asubuhi hadi jioni likinyunyiza manyunyu juu hadi kwenye paa. Wafagiaji wanasugua lami kwa brashi. Hata majani ya ule mti wa mbele yanaoshwa. Ukivuka tu kona ya pili, ule uchafu uko pale pale unakungoja. Nikamuuliza dereva kazi hii ni ya nini. Akasema analipwa na kiwanda, ameambiwa akioshe kile kilichoko juu, basi. Alisema bila hata kuinamisha macho, kama mtu anayeeleza bei ya nyanya.

Mji mzima unameza lami, na maji ya kuoga yanaogesha sanduku.

Lakini kuna jambo limenichanganya. Pale mbele kuna benchi. Nilikaa kwa hasira, na Kibibi akalala mapajani pangu, chali, kama watoto wengine. Alipumua bila kile kifilimbi cha kifuani. Sijakisikia kimya kile tangu mwaka jana. Basi sasa kila siku nampeleka. Nakaa kwenye hewa ya uongo, naila kwa shukrani, nikiinuka najidharau. Pale benchini nina mwenzangu, yule mwashi mstaafu wanayemwita Mzee Timazi, aliyejenga ukuta wa shule yenu. Kifua chake kimekwisha. Anasema hewa hii ni ya wizi, lakini mwizi mwenyewe si yeye.

Juzi baraza lilipokea kikombe cha mji safi. Mwenyekiti alikohoa katikati ya hotuba, akajifuta mdomo, akaitazama leso, akaikunja haraka. La kuvunda halina ubani.

Mama yako


3 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa lile la jiko. Nimeona aibu hadi masikio yamewaka.

Nilimpelekea bosi habari ya gari la maji. Alicheka. Aliniambia, kazi yetu ni kupima hewa inayopita mbele ya kisanduku, si kuuliza nani ameipitisha. Kisha akaendelea kupaka siagi kwenye mkate. Wenzangu waliokuwepo wakatazama meza. Tangu siku hiyo sauti ya bosi akitafuna inanifuata hadi nyumbani.

Sasa kuna hili. Kila mwaka kisanduku hubadilishwa mahali, na mahali huchaguliwa na fundi, yaani mimi. Nimeandika paa la nyumba yetu. Bosi ametia sahihi bila kusoma. Najua unachofikiri, kwamba nataka kione moshi wa kweli. Hapana, Mama. Gari la maji litakifuata kisanduku. Watakuja kuosha mtaa wetu, na Kibibi atapumua kitandani kwake. Mimi chumba changu hapa tunalala watatu, siwezi kumchukua. Hiki ndicho ninachoweza kumpa. Karaha ya jambo hili nitaibeba mimi.

Nitakuja mwisho wa mwezi kukifunga. Niazimie ngazi.

Mwanao


20 Mei

Mwanangu,

Salamu baada ya siku nyingi. Tangu ulipofunga mashine yako ukaondoka nimekuwa nikiahirisha kuandika.

Ilikuwa kama ulivyosema. Hata vumbi la viatu vyako halijatulia, boza likaingia mtaani. Linanyunyiza nyumba yetu, ya yule mama fundi cherehani jirani yangu, na zile mbili za mbele. Siku ya kwanza nilisimama dirishani nikisonya. Baada ya wiki niliingia chumbani asubuhi, nikautafuta ule mwale wa tundu la bati, ambao siku zote ulikuwa mnene kama mpini wa jembe. Haukuwepo. Kulikuwa na doa la jua sakafuni tu. Kibibi anakimbia uani. Amenenepa mashavu. Mtoto wa fundi cherehani naye ameacha kukohoa, na mama yake kila siku ananishika mikono akisema Mungu akubariki wewe na mwanao. Mikono yangu inawasha akiniachia.

Maana pale kwenye benchi hawaoshi tena. Mzee Timazi alibaki na masizi yake. Nilimwambia aje akae uani kwangu, akawa anakuja. Kilima chetu unakijua. Kila siku alifika akiwa kijivu, anakaa, anapata nafuu, kisha anarudi kule kule. Jumanne hakufika. Wapita njia walimkuta ameketi kando ya kilima, nusu ya njia, ameegemea ukuta. Alikuwa bado ameshika fimbo yake. Tulimzika Jumatano.

Nimeosha uso mara nyingi tangu siku hiyo. Sina chuki na kiwanda kama niliyonayo na ile pumzi ninayovuta sasa. Tulimhamishia mtu hewa yake.

Mama yako


2 Juni

Mama,

Shikamoo, na pole sana. Mzee Timazi alinifundisha kushika mwiko. Nimeshindwa kula siku mbili.

Lakini nakusihi, usifanye jambo. Nakujua. Hatukuleta moshi sisi. Mtoto amepata usingizi, mwache alale.

Mwanao


24 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Kibibi atakuwa ameshafika kwako, nilimpandisha basi wiki iliyopita, nikamkabidhi kwa wakala na begi lake la sweta. Najua chumba chako ni cha watu watatu. Tafuta kingine, hata kiwe stoo. Usimrudishe.

Siku tatu zilizopita niliweka kiti changu katikati ya njia, pale inapobana, nikakaa. Dereva akaja na boza akapiga honi. Nikamwambia akaoshe mitaa yote au asioshe wowote. Akapiga simu, akangoja, akanitazama, akarudi kinyumenyume hadi barabara kubwa. Si mtu mbaya. Hakutaka kumkanyaga mama wa mtu. Leo pia nimekaa.

Fundi cherehani amenijia juu, mtoto mgongoni. Aliniambia, "Wako umempeleka kwa baba yake, wangu nimpeleke wapi?" Nilikaa tu kwenye kiti nikitazama chini. Ana haki kabisa, na mimi sikuondoka.

Jiko la mkaa nimelizima, asije mtu akasema kisanduku kimeona moshi wangu. Nakula mkate mkavu na ndizi. Mwale umerudi chumbani, mnene vile vile. Usiku naona kinyaa na kimya cha nyumba kuliko nilivyowahi kuona na masizi.

Mpake mtoto mafuta kifuani kabla hajalala. Hupenda uanze na mgongo.

Mama yako


13 Julai

Mama,

Shikamoo. Kibibi yuko nami. Tumepata chumba nyuma ya karakana ya viti, kidogo lakini dirisha lake linatazama miti. Kifua chake kimetulia, anakuulizia kila jioni.

Kisanduku kimeona. Mstari wa vipimo vya mji wetu ulipanda ofisini hadi ukatoka juu ya kioo cha kompyuta, tukalazimika kuupunguza ili uonekane. Wote walisimama kuutazama. Bosi alisema kisanduku kimeharibika. Nikamwambia nilikisafisha na kukipima kwa mikono yangu. Akasema basi jicho lake limechoka, kiondolewe, na mji uendelee kuhesabika kwa vipimo vya zamani. Amesema haya akichokoa meno kwa kona ya picha ya kile kikombe cha mji safi. Amenipa wiki moja nije kukifungua.

Nisipokuja nitapoteza kazi, na chumba hiki kinalipwa na kazi hiyo. Nikija, umekaa njiani bure, na mtoto wa fundi cherehani anakohoa bure. Niambie nifanye nini.

Mwanao


18 Julai

Mwanangu,

Mimi mzima. Sikuambii la kufanya, u mtu mzima, na mtoto ni wako.

Nilimsomea fundi cherehani barua yako kupitia uzio, maana hatukuwa tunasemezana. Aliposikia kisanduku kinaondolewa aliuliza kama gari lingerudi kikiondoka. Nikamwambia gari halikuwahi kumjia mwanawe, lilikijia kisanduku. Aliingia ndani, nikajua tumekwisha. Akatoka na msumeno.

Ngazi tuliyokuazimia ilikuwa ya marehemu Timazi, na hakuna nyingine mtaani inayofika paa letu. Tumeikata vipande, yeye upande mmoja mimi upande wa pili. Hatukuichoma. Vipande vimepangwa ukutani, njoo uvione.

Mama yako


29 Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo, na salamu kwa jirani yako.

Nimemjibu bosi kwa maandishi: kisanduku ni kizima, kipo juu ya paa, na ngazi hakuna. Aliniita akaniuliza fundi gani anashindwa kupata ngazi. Nikamwambia ni yule aliyelelewa na mwenye nyumba ile. Nimeacha kazi na kukabidhi funguo za ofisi siku hiyo hiyo. Mwenye karakana amenipa kazi ya kupiga msasa miguu ya viti, chumba bado tunacho kwa sasa.

Wiki ijayo atakuja fundi mwingine, na ngazi yake. Usikae njiani. Mkaribishe, umpeleke chumbani asubuhi jua linapoingia, umkalishe pale kitandani kwa Kibibi, autazame mwale. Usimweleze kitu. Akishatazama, kama bado atapanda, mshikie ngazi asianguke.

Hapa dirisha lina ufa na jua hupita. Kibibi aliutafuta mwale akaukosa, akaja kuniambia umevunjika, kuna doa tu chini. Nikamwambia haukuvunjika, hewa ndivyo inavyotakiwa iwe. Akafikiri. Akasema basi Bibi aje alale huku, na mtoto wa fundi cherehani, na mama yake, na watu wote wa kilimani.

Nilimwambia chumba ni kidogo. Alinitazama vile unavyonitazama wewe.

Mwanao