Jiwe la mlango wa Gatumba

Mjukuu wangu Nadia,

Huku Kibenga tuko wazima. Bibi yako anakusalimu, na bado anagombana na jogoo wa jirani.

Unauliza kama meshi za almasi ulizonunua, hizo ncha za mashine ya kutobolea, ni feki, maana mbili zimeungua ukitoboa kile kipande cha jiwe la mlango wa nyumba yetu ya zamani ya Gatumba, ukivae shingoni. Apana, mama. Ni za bei rahisi tu, lakini zinatoboa.

Mimi niliunguza meshi ya fundi wa mtaa wa Asiatique, aliyoniazima nitoboe jiwe la ziwani nimpe bibi yako, enzi za uchumba. Nilikandamiza mashine fundi aone nguvu zangu. Moshi ukatoka. Akamimina maji yake ya kunywa juu ya jiwe, akasema, "We, polepole! Hilo jiwe limekukosea nini?"

Basi laza jiwe juu ya ubao, ndani ya sahani yenye maji kidogo. Tumia mashine ya betri, izunguke taratibu, na uinue meshi kila mara maji yaingie shimoni. Usikandamize.

Jiwe langu lina doa la moshi mpaka leo. Bibi yako hulivaa kila Jumapili, na doa hulielekeza mbele watu walione.

Babu yako