Sikio la Kushoto Limefunguka

Wiebke shoga yangu, sikio limefunguka. Usifurahi kwanza.

Nilikuwa kwenye ile mashine ya kutibu sikio, inayochuja protini za kugandisha damu ili damu ifike sikioni vizuri, mirija mikono yote miwili, siwezi hata kujikuna. Detlef kakaa kushoto, upande wa uziwi, anaongea na mama yake kwenye simu.

Mara nikamsikia: "Mama, tangu mke wangu awe kiziwi nusu, nyumba imetulia."

Nyumba imetulia. Miaka kumi na tisa ya ndoa, Wiebke.

Akakata simu, akazunguka upande wa sikio zima. "Kuna nafuu, mpenzi?"

Nikamwambia bado.

Sasa ananirudisha nyumbani, yuko kwenye usukani, ambao magari ya huku uko kushoto, upande uleule wa uziwi, kampigia tena mama yake. Nasikia yote.

Nesi kanikataza kushika kisu siku mbili, eti damu yangu haitaganda upesi. Ya Detlef hakuitaja.