Nzi wa Uzi wa Kofia

Mufindi, Tanganyika
Ijumaa baada ya sala, kipupwe kikali

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo ya pili mpe Baba, hata kama amegeuka upande wa pili akijifanya hasikii. Goti lako la kushoto vipi, bado linakusumbua ukiinuka mkekani? Macho je, yanaona tundu la sindano? Mimi mzima, Alhamdulillahi, nnakula na nnalala, ila masikio yangu sijui kama bado ninayo kwa hii baridi.

Dada Mwanaidi, wewe unayesoma, soma polepole wala usirukeruke. Mwite Zuhura aache jiko aje akae karibu, maana habari hii ni ya mke wangu kuliko ya mtu mwengine yeyote. Baba usimbembeleze. Soma kwa sauti tu, itamfika.

Mama, nimepata nyumba!

Haya, nshasema. Nlitaka niifiche mpaka mwisho wa barua, moyo umekataa. Nyumba ya matofali, vyumba viwili, bati juu, jiko nje, na dirisha linatazama mto. Mkwe wangu si alisema vuli ikianza na Zuhura bado anakaa kwenu, atakuja kumchukua mwanawe na talaka niipeleke kwa posta? Mwambieni vuli na ije, hata leo. Na nyumba yenyewe nimeipata kwa kuvua samaki.

Nnawasikia mnavyocheka kutoka huku. Chekeni, ni haki yenu. Hapo Mkokotoni nani asiyeijua siku ile niliyoachia kamba, wavu wote ukachukuliwa na mkondo, na Baba akanitoa chomboni mbele ya watu? "Mkono wako hauna samaki," aliniambia. "Kakae na mama yako ukashone kofia." Nikakaa, nikashona, na kofia zetu nikazipeleka mimi mwenyewe sokoni Darajani. Lakini neno lile, Mama, halikunitoka. Nimekuja nalo mpaka huku.

Basi sikilizeni. Mnajua mimi ni mpishi katika nyumba ya wageni ya shamba la chai. Nyuma yake kuna kijito chembamba, ukiamua unakiruka kwa hatua mbili. Humo mna samaki anaitwa trauti. Wazungu walileta mayai yake zamani wakayatia mtoni, na sasa wanazaliana wenyewe, hawalishwi na mtu. Mdogo tu, kama kiganja na nusu, ana madoa mekundu ubavuni, na mwoga ajabu. Wageni wanatoka mbali kuja kumvua, tena hawataki chambo cha kweli. Wanafunga manyoya ya ndege kwenye ndoana iwe mfano wa nzi. Mara ya kwanza kuona nlicheka mpaka nikaunguza mchuzi.

Sasa, yule mzee aliyekuwa akiwapeleka wageni mtoni macho yake yamechoka, amerudi kwao. Bwana wetu, tunamwita Bwana Kikohozi kwa kuwa hasemi neno bila kukohoa kwanza, akaja jikoni akauliza nani anaitaka kazi ile. Nyumba ya mzee inakwenda na kazi, akasema, na mwenye mke amlete. Nikausikia mdomo wangu unasema, "Mimi."

Bakari dereva, mtu wa Tanga, alikuwa anakunywa chai. Chai yote ikamtoka puani.

"Makame! Mtumbatu, mtu wa bahari, na kijito wapi na wapi? Humo utaogelea na nani?"

Bwana akakohoa. "Siku tatu," akasema. "Niletee samaki mmoja kwa nzi wa manyoya. Asiyeweza kuvua wakati wa baridi hawezi kuwaongoza wageni wangu."

Siku ya kwanza nikafanya alivyonifundisha Baba. Nimesali alfajiri, nikashuka mtoni giza halijaisha. Mama wee! Nyinyi kipupwe kikija mnajitanda kanga ya pili mkasema leo baridi. Huku majani asubuhi ni meupe, ukiyakanyaga yanavunjika. Nikarusha mshipi, kimya. Nikarusha tena, kimya. Nikasema aa, hawa wamelala, wataka kuamshwa. Nikachukua mti nikayapiga maji kama tunavyopiga sisi kuwasukuma samaki waingie wavuni. Nikapiga kwa nguvu zangu zote, na kelele juu. Kumbe Bwana amesimama ng'ambo na kikombe chake cha kahawa! Hakukohoa hata kukohoa. Akageuka akaenda zake.

"Samaki wote umewahamishia Iringa," Bakari akaniambia, na shamba zima likaipata habari kabla ya chakula cha mchana.

Siku ya pili sikupiga maji. Nikashuka alfajiri vilevile, nikakaa kimya kama maiti, na sikupata kitu. Nzi niliyepewa na Bwana, mwekundu, mkubwa kama mende, nikamnasisha juu ya mti. Vidole vikafa ganzi. Nikamfikiria Zuhura anafunga vitu vyake kurudi kwao, na wallahi, Mama, nikalia pale peke yangu. Sioni haya kulisema.

Ikaingia adhuhuri. Nikashuka kutia udhu, na mkono umo majini nikaona kitu. Jua lilikuwa limefika mtoni, maji yamepata uvuguvugu kidogo tu, na kwenye kanzu yangu vimetua vidudu vyeusi, vidogo kama punje ya ufuta. Kimoja kikaangukia maji. Pua ikatokeza, ikakinyonya, ikazama. Halafu pua nyengine! Samaki wa baridi, kumbe, haamki alfajiri. Anangoja mchana kama tajiri, na anakula kile kidogo kilichopo. Wanasema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, na hilo Baba ndilo alilokuwa akilifanya kila siku, anatazama kwanza kabla hajashika kamba. Mimi niliichukua saa yake ya alfajiri na kupiga maji kwake, kutazama nikakuacha nyumbani.

Nikasali, nikakaa nikatazama mpaka laasiri. Nikarudi jikoni, nikachukua ndoana iliyo ndogo kuliko zote na unyoya mmoja wa shingo ya jogoo tuliyemchinja kwa wageni. Uzi mweusi mwembamba sikuwa nao. Nikavua kofia uliyonishonea nilipoondoka, nikafumua ukingoni uzi mmoja. Nisamehe, Mama. Nikakaa mlangoni penye mwanga, nikazungusha na kukaza kama ulivyonionesha, usivute, uachie uzi ukae wenyewe. Bakari akapita akatazama. Akasema, "Huyu sasa ameamua kuwashonea samaki kofia."

Siku ya tatu nikaenda mchana. Bwana alikuja na Bakari akaja, wakakaa juu ya kilima kama watu waliokuja kutazama ng'ombe. Nikatambaa kwa magoti ili kivuli changu kisiguse maji. Nikamrusha yule nzi mweusi, akatua taratibu, akateremka na maji. Pua ikatokeza.

Mama, mwanzi wa kuvulia wote ulipinda! Mshipi ukakata maji huku na huku, na mkono, mkono huuhuu, nikaubana kama siku ile sikuubana. Kamba sikuiachia. Nilipomtoa akapaparika juu ya majani, mwenye madoa mekundu, nikapiga ukelele mmoja uliofika mashambani kwa wachuma chai. Mnajua nilisema nini? Nilisema, "Baba!"

Nikapata wengine watatu kabla jua halijaondoka mtoni. Bwana akateremka, akavua kofia yake, akamtazama nzi wangu karibu na macho.

"Nani amekufundisha kufunga hivi?"

"Mama yangu," nikasema. "Anashona kofia."

Akakohoa. "Basi mwambie mama yako," akasema, "nyumba ni yako." Hapohapo akaniomba nimfungie nzi sita kama yule. Mdharau mwiba mguu huota tende! Bakari mwenyewe ndiye aliyenibebea samaki mpaka jikoni. Nikamkaangia mmoja kwa ndimu, akala mpaka mifupa akaitazama kwa huzuni, akasema, "Mtumbatu, nimekoma." Nyama yake laini, ya rangi ya waridi, lakini haina chumvi ya bahari. Changu wetu wa baharini anamshinda, nitakuwa mwongo nikisema vyengine.

Zuhura, fungasha. Chukua sweta, chukua mablanketi yote mawili, na sindano za Mama za kofia, maana nzi sita wa Bwana peke yangu siwamalizi. Ulinikubali mkono wangu ukiwa hauna kitu, na watu wakakucheka. Mlango wa nyumba yako nimeupaka rangi ya kijani jana.

Nisalimieni mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, na jirani yetu muuza maandazi, mwambieni nayaota. Mkwe wangu nisalimieni kwa adabu zote, na Dada umsomee pale penye matofali mara mbili.

Ndani ya pamba hii yumo nzi wa kwanza, yule mwenyewe. Mpeni Baba mkononi. Mwambieni siku ile mtoni nilimwita na hakuna aliyeitika naam. Nikipata likizo nitakuja kumchukua. Chumba cha pili ni chake, na pahala pangu pazuri mtoni nitampa yeye akae mbele. Nitamwita tena, na safari hii aitike. Ila polepole, na maji asiyapige.

Ni mimi mwanao, mwenye mkono wenye samaki,

Makame