Malkia Hakuomba Msamaha

Jumatano, jioni. Jua limechoma Kitengela tangu asubuhi, vumbi la malori limeingia mpaka ndani ya chai, mgongo unaniuma kwa kusuka vichwa vitano, na bado niko na furaha sijui niiweke wapi. Acha niandike kabla haijanitoka.

Kwanza nikiri. Mimi ni mwongo. Nimekuwa nikiwadanganya wanawake wazima mchana kweupe, ndani ya saluni yangu mwenyewe.

Ambaye hajui kazi yangu aelewe hivi. Mwanamke akisukwa, kichwa kinainama mpaka kidevu kiguse kifua. TV anaisikia tu. Na vipindi tunavyopenda ni vya nchi za nje, watu wanaongea lugha yao na maandishi yanapita chini ya picha. Anayesukwa atasomaje? Kwa hivyo ninasoma mimi, mikono kwa nywele, macho kwa TV, nikigeuza kila kitu kuwa Kiswahili. Sauti zote ninaziigiza, ya mfalme, ya mjakazi, hata ya farasi. Kuna wateja ninaoshuku wanafumua nywele mapema ili wasipitwe.

Tumezunguka dunia bila pasipoti. Tulikuwa Amerika Kusini miezi mingi, kwa tajiri wa ng'ombe na mjakazi aliyempenda kijana wa tajiri. Tukaenda Naijeria, mashemeji wakamfungia mjane mlango kabla hata marehemu hajazikwa. Tukapita Uturuki, huko baba akikohoa tu nyumba nzima inasimama. Nguo ni tofauti na chakula ni tofauti, lakini nikisuka ninajiambia kwamba ni kipindi kimoja. Kuna anayeamua na kuna anayeambiwa, na utamu unaanza siku anayeambiwa anauliza kwa nini. Hapo ndipo saluni inanyamaza, hata anayevutwa nywele anasahau kulia.

Sasa tuko Asia, kwa mfalme kijana na malkia wake.

Mtazamaji wangu mkali hasukwi. Ni Mama Nasieku, anayeniletea maziwa kutoka upande wa Isinya. Kichwa chake kimenyolewa safi na shanga zimekizunguka, hana haja na mimi hata kidogo. Huingia, anasema supa, salamu ya Kimaasai, anaketi karibu na mlango na kutazama mpaka kipindi kiishe. Shule hakuenda. Maandishi yakipita hayamshughulishi, yeye anatazama nyuso.

Siku ya kwanza ya mfalme, waziri mzee mwenye ndevu nyeupe alimwinamia yule kijana mpaka chini. Mama Nasieku alishtuka. Kwao mdogo ndiye huinamisha kichwa, na mzee anamgusa utosini, ndiyo salamu. "Mzee anapeana kichwa kwa mtoto," akasema, "na huyo mtoto hata hagusi?" Tulicheka mpaka nikapoteza mstari kwa kichwa cha mtu. Lakini nilibaki nikifikiria. Mimi nilikuwa nimeona adabu, yeye akaona kitu kimepinduliwa.

Wiki iliyopita alikuja na uso mzito. Mume wake anataka kuuza kipande cha shamba kilicho karibu na barabara, ndicho mbuzi hupitia kwenda majini. Vingine viliuzwa zamani, hiki ndicho cha mwisho chenye njia ya maji. Mnunuzi ameshapatikana. Jumanne waende Kajiado mbele ya kikao cha ardhi, na sheria inasema lazima mke aulizwe kama amekubali. Mara zote za nyuma aliulizwa, akainamisha macho, ikaandikwa ndiyo. Alinisimulia haya yote akingoja chupa zake tupu, kwa hivyo siwezi kusema sikujua.

Sikiliza sasa nilichofanya Ijumaa.

Aliyekuwa mikononi mwangu ni Mama Wahu, mwenye jengo, na mkaza mwana wake Shiru amekaa kando akingoja zamu. Hawa wawili wanaheshimiana sana, na unajua kuheshimiana sana ni nini, kila mmoja anapima neno kabla ya kulitoa. Kwenye TV mfalme alitaka kumpa jenerali fulani bonde la ukoo wa malkia, na karatasi ilihitaji muhuri wa malkia kando ya wake. Mama mkwe akamwamuru atie muhuri. Malkia akainua kidevu, na maandishi yakasema, "Sitatia. Andikeni kwamba nilikataa."

Na mimi nikasema nini? Nikafanya sauti ya kilio: "Nisamehe mama, nimekosa, nitafanya utakavyo."

Sikutumwa na mtu. Niliona shingo ya Mama Wahu imekaza, nikaona Shiru ameinua macho, nikaogopa. Nilitaka amani saluni kwangu. Mama Wahu akaguna akasema huyo amelelewa, Shiru akarudi kwa simu yake, nami nikaendelea kusuka kama mtu mwema.

Kutoka mlangoni nikasikia: "Huyo hajaomba msamaha. Mtu ya kuomba msamaha hasimami namna hiyo."

Nikamwambia ameomba, imeandikwa. Yaani nikaweka uongo juu ya uongo. Mama Nasieku hakubishana. Aliuliza tu, "Na hiyo kitu ya kugonga kwa karatasi, amegonga?"

Bado, nikasema.

"Basi amekataa."

Wueh. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Jumatatu alipoleta maziwa saluni ilikuwa tupu. Akaniomba nimwambie vile ilikuwa imeandikwa, neno kwa neno. Nikamwambia. Akalirudia polepole kwa Kimaa, mara mbili, akienda. Usiku huo nilijaribu kumwombea nikashindwa nianzie wapi.

Jana, siku ya kikao, sikumwona. Maziwa hayakuja. Nilisuka vibaya, Shiru alirudi nimrekebishie upande mmoja, na kila kivuli kikipita mlangoni ninageuka.

Leo saa tisa akaingia, supa, akaketi. Nikaacha kichwa cha mteja nusu.

Anasema mwenyekiti wa kikao hakujua Kimaa, kwa hivyo shemeji yake, mdogo wa mume, akajitolea kutafsiri. Mama Nasieku akaulizwa kama amekubali shamba liuzwe. Yeye akajibu kwa Kimaa kwamba amekataa, mbuzi watapita wapi, na waandike kwamba amekataa. Shemeji akageukia meza akasema kwa heshima zote, "Mama anasema yuko sawa, hana neno."

Mwenyekiti akachukua kalamu.

Shemeji alikuwa amesahau kitu kimoja. Mwanamke ambaye ameuza maziwa Kitengela miaka kumi na mbili ana Kiswahili chake. Mama Nasieku akasimama na kusema kwa Kiswahili hicho hicho cha kuuzia maziwa, "Mimi hapana sema hivyo. Mimi nimekataa. Andika nimekataa."

Kalamu ikasimama. Mwenyekiti akamuuliza tena, yeye mwenyewe, bila mtu katikati. Akajibu tena. Ikaandikwa.

Mume akatembea mbele hadi stendi. Hapo akanunua soda mbili, akampa moja, wakanywa wamesimama. Sijui soda hiyo ilimaanisha nini, na hata yeye anasema hajui. Anasema mume akisema kitu atamsikia, lakini mbuzi leo wamepita kwenda majini.

Mimi nilikuwa ninalia na kucheka pamoja. Mama Wahu, aliyekuja kuniangalizia bomba linalovuja, alisikiliza yote akiwa amesimama. Akatoa kitambaa kwa mfuko, akapangusa kiti cha karibu na mlango, ingawa kilikuwa safi, akaketi kando ya Mama Nasieku. Hajawahi kuketi pale.

Nilimuuliza Mama Nasieku kama aliogopa. Akasema sana. "Lakini nilisikia mtu anaongea na mdomo yangu. Nikakasirika kushinda kuogopa."

Kisha akanitazama vizuri, bila hasira yoyote, akiwa na kicheko karibu. "Wewe na shemeji yangu," akasema, "mko na kazi moja."

Nilisema pole, akaitikia ni sawa. Kipindi kikaanza, na nilipofungua mdomo nikaona yeye hatazami TV. Amegeuza kiti chake. Anautazama uso wangu.

Nikasoma vile ilivyoandikwa.