Mlangoni pa Ngome ya Masmak

Al-Rawdah, Jeddah

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta goti limepoa na unapanda vilima vya Wundanyi bila mkongojo. Mama naye, kikohozi kimemwachia? Mwambie kaka Vincent nilipata picha za mwanawe, amefanana naye kabisa. Mimi ni mzima. Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho.

Mwezi uliopita bosi na madam walikwenda Riyadh na watoto kumwona mama yake madam, nami nikaenda nao. Siku moja tulifika Al-Dirah, mtaa wa zamani, kuiona ngome ya Masmak. Nilikukumbuka wewe fundi. Ni udongo na nyasi kavu tu, lakini kuta zake ni nene ajabu, minara minne pembeni, dari za magogo ya mitende. Niliupapasa ukuta kama ufanyavyo wewe kabla ya kupiga lipu. Siku hizi ni makumbusho, watu wanapigana picha kwenye kisima kilicho uani.

Madam alitaka nibaki nje na kigari cha mtoto. Nikamwambia nami nataka kuona, nikaingia nacho. Hakupenda, ila bosi alicheka.

Bosi ndiye aliyetusimulia. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kijana mmoja ambaye ukoo wake ulifukuzwa mjini alirudi kutoka Kuwait na watu wachache. Wakangoja hadi alfajiri, wakamvamia liwali alipotoka. Mkuki ulirushwa ukamkosa, ncha yake ikavunjikia kwenye ubao wa lango, na mpaka leo imo. Kwenye lango hilo pana kijilango, na kila apitaye huinama, hata awe nani. Bosi alisema kwa fahari kuwa kijana yule alikataa kuchaguliwa pa kuishi.

Tulipotoka nje, madam akaniambia, kana kwamba ananituma maziwa, kwamba kesho wao wanarudi Jeddah na mimi nabaki Riyadh miaka miwili kumhudumia mama yake. Mama huyo hainuki kitandani, na dada wa kazi aliyekuwa akimwinua peke yake ameondoka na mgongo ulioharibika. Nilijibu kuwa mkataba wangu ni wa Jeddah, wa kulea watoto, na unaisha Agosti. Akanikumbusha kuwa ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, iko mikononi mwao. Bosi, msimulizi wetu hodari, akainamia simu yake.

Nikaketi chini palepale uwanjani.

“Madam,” nikasema, “mimi si sufuria. Siazimwi.”

Nilikataa kupanda gari. Watu wakaanza kututazama, mtoto akalia akinitaka, lakini sikuinuka. Mwishowe bosi akasema yalla, turudi sote, na Agosti nitapewa pasipoti na tiketi yangu. Tangu hapo madam huninunia. Na aninunie.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha niandike. Pale uwanjani, kabla sijaketi, madam aliniambia, “Baba yako ameshakubali.” Nilidhani ni uongo. Tuliporudi nikampigia Gilbert, yule ajenti aliyenileta huku, naye akasema ni kweli, alikuuliza, ukamjibu kuwa Serah atavumilia tu. Kila Jumapili wewe huniuliza kwenye simu kama nimekula na kama nimesali. Hilo hukuniuliza, baba.

Sikuchukii. Lakini tangu leo usimkubalie mtu yeyote jambo langu, liwe kazi, liwe ndoa, kabla sijasema mwenyewe. Agosti narudi, na sirudi kuomba radhi. Nitashuka stesheni ya Voi. Ukija kunipokea nitafurahi, tutapanda vilima pamoja. Usipokuja, njia ya kwetu naijua.

Nisalimie mama, Vincent na mkewe, na wote wa kanisani wanaoniombea. Mungu akutunze.

Ni mimi binti yako,
Serah Wakesho