Viti vya Darasa la Kumi

Jumanne, 6 Machi 2018

Sauti ile haijanitoka. Miguu ya chuma ikiburutwa juu ya saruji, kutoka mlango wa darasa la Hisabati mpaka mwisho wa korido.

Shule yetu haina viti vya kutosha. Mwanafunzi akihamishwa, anahama na kiti chake. Ndio utaratibu, tumeuzoea. Leo walihama wengi kwa mpigo, darasa la kumi, wote waliopata chini ya arobaini kwenye jaribio la kwanza la mwaka. Wanatolewa Hisabati, wanapelekwa Hisabati za Matumizi: bei za dukani, ratiba za treni, kusoma bili ya umeme. Somo lenyewe si baya. Lakini ukiingia humo, uhandisi na famasia na udaktari basi tena. Wana miaka kumi na tano.

Nilikuwa nawafundisha darasa la nane kujumlisha sehemu. Mtoto mmoja akachungulia nje, akasema, "Eish, kama wamefukuzwa na mwenye nyumba." Darasa zima likacheka. Wengi wao wameshafukuzwa na mwenye nyumba.

Kati ya waliopita alikuwemo Plamedi. Nilimfundisha miaka miwili, la nane na la tisa. Hakunitazama.

Jumatano, 7 Machi

Nina hasira, na nataka kuiandika sawasawa kabla haijapoa.

Mwisho wa Machi kuna mtihani wa pamoja wa wilaya. Karatasi moja kwa shule zote. Baadaye wilaya huleta chati, na chati hubandikwa kwenye chumba cha walimu juu ya birika la chai: kijani kwa shule nzuri, chungwa kwa za katikati, nyekundu kwa zilizoanguka; chini yake kila somo na mwalimu wake, kwa rangi hizo hizo. Sisi ni chungwa. Naibu mkuu wetu, Bwana Khoza, anataka kijani.

Kuna njia mbili za kupata kijani. Ya kwanza ni kufundisha. Ya pili ni kuwaondoa wanaoweza kufeli kabla hawajafika mezani, asilimia ikapanda yenyewe. Ni kama zahanati inayosifiwa kwamba hakuna mtu anayefia kwake, kumbe mahututi huwekwa nje ya ukuta.

Siwezi kuyasema haya chai ikinywewa. Mimi ni wa mkataba, nasubiri kuthibitishwa kazini mwisho wa mwaka. Nayaandika kwa Kiswahili cha mama yangu, ambacho katika chumba kile hakuna anayekisoma.

Jumamosi, 10 Machi

Kusukwa nywele, mtaa wa Berea. Saluni ya mama yake Plamedi, chumba kimoja chini ya ghorofa wanamoishi. Maji yalikuwa yamekatika tena, ndoo zimepangwa mpaka kwenye ngazi.

Alinipokea kwa vigelegele. Nilidhani kuna harusi.

"Mwalimu, balimuchagula mutoto yangu!"

Kichwa changu kilikuwa mikononi mwake, sikuweza kugeuka. Akaeleza huku anasuka. Kwao Lubumbashi ni walimu wanaochagua mtoto wa kuhamishiwa math-physique, mkondo wa hisabati na fizikia, na huhamishwa wenye akili tu. Kwa hiyo shule ilipomwita na kumwambia binti yake anahamishwa, alisaini palepale. Akamshukuru Bwana Khoza kwa mikono miwili. Jumapili iliyopita ametoa sadaka ya shukrani mbele ya kanisa zima, na kwaya ikamwimbia Plamedi.

Na Bwana Khoza akasema karibu, mama. Akamsindikiza mpaka mlangoni.

Mteja mmoja alikuwa anasubiri zamu yake, Mrundi, anakula karanga. "Sasa utakuwa mama wa injinia, bei ya kusuka itapanda," akasema. Wakacheka wote.

Ningeweza kungoja amalize. Sikungoja. Nikasema nikiwa nimetazama ukuta: mama, hakuchaguliwa. Ameondolewa. Hapa ni kinyume na kwenu.

Vidole vikasimama. Mteja akaacha kutafuna.

Kisha akaendelea kusuka. Alivuta hivi kwamba sasa hivi siwezi kulaza kichwa ubavu.

Jumatatu, 12 Machi

Mama yake Plamedi alikuja shuleni amevaa kitenge cha kanisani na kilemba. Alifunga saluni kwa ajili hiyo. Niliitwa kutafsiri.

Bwana Khoza alikuwa na adabu. Huwa nayo siku zote, ndicho kinachonichosha. Alisema mzazi alisaini kwa hiari. Alisema mtoto atafaulu vizuri kule, mama atafurahi. Alisema Hisabati si kwa kila mtu.

Mama yake Plamedi alisubiri amalize. Akaniambia nimwambie jambo moja tu.

"Ile siku nilikuambia aksanti. Juu ya nini ulipokea?"

Nilitafsiri: kwa nini uliipokea asante yangu. Sikuongeza neno. Bwana Khoza aliangalia kalamu yake, akasema atalifikiria suala hilo. Njiani kuelekea getini mama alinishika mkono, hakuwa analia. Aliniuliza kanisani atasema nini.

Jumatano, 14 Machi

Nilidhani kazi ngumu ni Khoza. Kazi ngumu ni Plamedi.

Alikuja baada ya vipindi kwa sababu mama yake alimlazimisha. Alibaki mlangoni, mkoba begani. Anakisikia Kiswahili lakini hajibu kwa Kiswahili, hujibu kwa Kiingereza na Kizulu cha uwanjani.

"Mem, niache tu," akasema. Kule ni wa kwanza darasani. Wiki ya kwanza amepata themanini na kitu. Mwalimu amemwita nyota. Kwenye Hisabati alikuwa mtu wa kuchekwa. "Na mama ameniaibisha kanisani, wewe umeniaibisha saluni. Sasa mnataka niaibike wapi tena?"

Ilinichoma, kwa kuwa ana haki.

Mtihani umemwambia yeye ni nani, na amekubali. Hicho ndicho ninachokichukia kuliko chati. Msichana huyu akiwa darasa la tisa alinichorea tangi la maji la juu ya ghorofa lao, akapiga hesabu kwamba pampu ni ndogo kuliko idadi ya watu, ndiyo maana wa ghorofa za juu hawapati maji asubuhi. Hakuna aliyemwagiza. Hakuna aliyempa alama.

Sikumwambia ana kipaji. Wanaambiwa hivyo kila siku, hawasikii tena. Nilimwomba karatasi yake ya jaribio. Ilikuwa imekunjwa chini kabisa ya mkoba, kwa hiyo hakuitupa. Tukaipitia pamoja. Alichojaribu, karibu chote ni sahihi. Kurasa mbili za mwisho ni tupu: mada ambayo darasa lao halikufundishwa kwa sababu Januari hawakuwa na mwalimu. Na ni mwepesi wa kufikiri, mzito wa kuandika. Karatasi ile haijui tofauti.

Alizigeuza zile kurasa tupu, mbele na nyuma.

"Kwa hiyo sikukosea. Sikufika."

Ndiyo, nikasema.

Akaondoka bila kuaga. Karatasi aliikunjua, akaiweka ndani ya kitabu.

Ijumaa, 16 Machi

Bwana Khoza aliniita. Ofisi yake ina zulia na ua la plastiki.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi kuhusu mitihani. Kwamba sipingi kupima. Napima kila Ijumaa, ndivyo ninavyojua nani ameachwa nyuma ili nirudi kumchukua. Kipimo cha wilaya kimegeuzwa, kinatumika kujua nani wa kumwacha. Nilisema yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sisi Nomsa," akasema, kwa Kizulu sisi ni dada, "una moyo. Lakini kwenye fomu ya wilaya hakuna kisanduku cha moyo."

Kisha akatoa sharti. Mwalimu wa Hisabati wa darasa la kumi hataki kuwapokea tena waliotolewa. Kama wapo wanaotaka kurudi, shule itafungua mkondo wa pili wa Hisabati, na mwalimu awe mimi, juu ya vipindi vyangu vya sasa. Alama zao zitaandikwa kwa jina langu. Wakati wa kuthibitishwa kazini watatazama wastani wangu kama wa mwalimu mwingine yeyote. Akasema nisikimbilie kujibu.

Alitabasamu. Ana uhakika sitakubali.

Jumatano, 21 Machi

Sikukuu. Nimekaa Troyeville kwa mama yangu siku nzima, nikimenya viazi vingi kuliko tunavyoweza kula.

Nina hofu. Niandike hivyo, wazi. Wastani wangu wa darasa la nane ni mzuri, na nimeutumia kujisifu. Mwezi uliopita nilipita mbele ya chati ile ile nikatafuta somo langu, nikafurahi. Nikiwachukua hawa, jina langu litakuwa chungwa, labda nyekundu. Nikikosa kuthibitishwa, kodi ya chumba changu ni nani atalipa?

Mama aliuliza nina nini. Nikamweleza. Alikuja nchi hii akimfuata baba aliporudi kutoka uhamishoni, na vyeti vyake vya ualimu vya Morogoro havikukubaliwa hapa. Aliambiwa afanye mtihani upya. Alikataa, akashona nguo mpaka leo. Nilitegemea aniambie nijilinde.

"Heri ningefanya ule mtihani," akasema. Akachukua kisu kutoka mkononi mwangu, akanituma spaza, kiduka cha mtaani, nikalete mafuta.

Ijumaa, 23 Machi

Plamedi alinisubiri kwenye robot, taa za barabarani nje ya geti. Walikuwa sita, wote waliotolewa Hisabati. Aliwatafuta mwenyewe, mmoja mmoja. Aliniuliza kama nina nafasi ya kuwafundisha.

Nikamwambia itakuwa saa za jioni, kila siku, na mwezi wa kwanza watafeli.

"Sharp," akasema, yaani sawa. Kisha, kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, mara ya kwanza kunijibu hivyo: "Mama alisema kanisani ukweli."

Jumanne, 10 Aprili

Muhula wa pili. Asubuhi baridi, jua jeupe.

Nilisaini fomu ya mkondo wa pili kabla ya likizo, ile Ijumaa, nikiwa bado nimevaa koti. Bwana Khoza alisoma sahihi yangu mara mbili. Ameshaipeleka wilayani. Chati mpya ipo ukutani, sisi ni kijani. Nilikunywa chai chini yake.

Baada ya kengele walirudi na viti vyao. Niliwasikia wakija kwenye korido, nyayo tu. Walikuwa wamevibeba vichwani. Plamedi aliweka chake mbele karibu na ubao, akasogeza kidogo ili aliye nyuma yake aone.

Tumeanza na zile kurasa mbili.