Mwinjilisti Aliyekesha Akiombea Mapumziko

Bibi mshauri, shikamoo. Naomba msaada maana sina wa kumwambia, mimi ni mwinjilisti, kanisa limenituma huku vijijini, nina makanisa matano ya kuzungukia kwa baiskeli, nahubiri, nafundisha, nazika, napatanisha wanandoa, hata pampu ya kisima ikikwama naitwa mimi, na sasa naona imani imeniishia, nikiomba nasikia maneno tu, kama ya mtu mwingine. Mke wangu akaniambia nipumzike, nikaona ni kweli, nikaitisha mkesha wa kuombea mapumziko, watu wakaja wengi, tukauongeza ukawa wa wiki nzima, ulipokwisha nikaenda kumwombea mama mmoja mjane, mgonjwa, nikapiga magoti kando ya kitanda chake, nikafumba macho, na nilipofumbua jua limegeuka, nimefunikwa blanketi lake, yeye kakaa mlangoni anawaambia wageni, "Semeni polepole, mtumishi amelala." Sasa kijiji kizima kinanisalimia, "Umeamkaje, mtumishi?" Mke wangu naye alicheka mpaka machozi, halafu akasema Jumatatu anakwenda na watoto kwa mama yake, nikiwahitaji niitishe mkutano. Bibi, niache utumishi, au niongeze kufunga?

Mtumishi Niliyeishiwa

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimesomewa na binti yangu, nikamwambia arudie pale pa mkesha, nikidhani karuka mstari. Mtu amekosa usingizi, anaita watu waje wamsaidie kukesha. Mimi shule niliishia la pili, lakini hilo hata la kwanza tungelicheka.

Pole, hata hivyo, na pole hii ni ya kweli. Mtu aliyechoka hivyo akiomba asisikie kitu, si imani iliyokwisha, ni mwili. Lala kwanza, ndipo uje uniambie Mungu kakuacha. Ila usinidanganye kwamba kazi ndiyo imekubana. Unapenda kuitwa, wewe. Kabla hujafika na baiskeli yako, pampu ikikwama, watu hao walikuwa wanakunywa nini? Mungu unayemtangaza alipumzika siku ya saba, au kwako huo ulikuwa uvivu?

Mama wa watu, mgonjwa, kaondoka kitandani, kakupa blanketi, kakulindia mlango. Wiki hiyo injili ilihubiriwa hapo mara moja tu, na mhubiri alikuwa yeye. Wewe ulikuwa unakoroma. Nenda ukamshukuru, na usimwombee. Mchotee maji, mfagilie uwanja, ondoka.

Utumishi usiache. Hayo hayaamuliwi na mtu mwenye macho mekundu. Kufunga nako koma, ule ushibe. Na mkeo hajakukimbia, kakutajia siku kabisa, ulitaka akuandikie na saa? Jumatatu beba mizigo yake, uende naye. Kwa mkweo huhubiri, hata chakula usikiombee mpaka uambiwe. Makanisa waachie wazee wa kanisa mwezi mzima. Watahubiri marefu, wataanzisha nyimbo kwa sauti isiyofikika, na Mungu atawasikia vilevile, jambo ambalo najua litakuuma.

Huko ukweni utakaa kibarazani, hakuna anayekuita, mikono itakuwasha. Kaa hapohapo. Siku utakayojikuta unazungumza na Mungu na huna unachomwomba, rudi kazini. Kabla ya hapo usithubutu.